Kurudisha rangi ya kiwandani kwenye gari la zamani: namba ya kwenye kibati ni mwanzo tu wa kazi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Swali la rangi ya magari ya zamani huulizwa karibu kila mara kwa namna moja: mtu anataja namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari lake, yaani kile kipande kidogo cha bati kilichobandikwa na kiwanda, kisha anauliza ni nani atakayemchanganyia. Namba hiyo ina kazi yake na nitaieleza, lakini anayeishia hapo ana hatari ya kupata gari lenye rangi inayokubalika na mwonekano ambao kiwanda chake hakikuwahi kuutoa. Nalisema hili kwa sababu lilinikuta. Gari langu la kwanza kulifufua, la miaka ya 1960, nililipiga kwa mtindo wa kisasa, yaani rangi isiyong'aa chini na klia, tabaka angavu lisilo na rangi, juu yake, kwa namba ile ile ya kwenye kibati. Lilitoka liking'aa kama sahani mpya, na kila aliyeyajua magari ya aina hiyo alilitazama mara moja tu akauliza lilipigwa rangi lini. Wekundu ulikuwa sahihi, ila tabaka la kioo lililoufunika halikuwahi kuwepo siku gari lile lilipotoka kiwandani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza rangi gani, uliza gari lilipigwa kwa kitu gani na kwa njia gani. Magari ya mwanzo wa karne ya 20 yalipakwa rangi za mafuta na vanishi kwa brashi, mkono (yaani tabaka moja la rangi) juu ya mkono, kila mkono ukisubiriwa ukauke kisha usuguliwe, na bodi moja iliweza kukaa wiki kadhaa katika chumba cha rangi. Ford Model T, ambayo awali iliuzwa kwa rangi kadhaa, ilibaki nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925, na hata weusi huo haukuwa wa aina moja, kwa kuwa vipande vidogo vilipewa rangi yenye asili ya lami na kuokwa tanurini, ilhali bodi zilipata vanishi nyeusi ya aina nyingine. Anayeipiga Model T nzima kwa kopo moja la rangi nyeusi tayari ametoka nje ya njia, hata kama hakuna atakayemkosoa barabarani.

Mwaka 1923 ndipo laka ya naitroselulosi ya DuPont, iliyoitwa Duco, ilipoonekana kwenye magari ya Oakland ya General Motors ya modeli ya 1924, yakiwa ya buluu. Laka hukauka kwa thina kuvukiza tu, hivyo kazi iliyokula wiki ikawa ya muda mfupi sana. Miaka ya 1930 ikaleta enameli za alkidi, ambazo hukauka kwa namna tofauti kabisa: utomvu wake huungana kikemia kwa hewa au kwa joto la tanuri, na ukishaungana haurudi kuwa majimaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 General Motors ilihamia kwenye laka ya akriliki, huku Ford na Chrysler zikiendelea na enameli ya kuokwa. Kutoka hapo ndipo tofauti inayowachanganya wengi inapozaliwa. Chukua Chevrolet, ya General Motors, na Plymouth, ya Chrysler, za 1965 zilizosimama pamoja. Laka ya Chevrolet iliokwa, kasoro zikasuguliwa kwa msasa, kisha ikaokwa tena hadi ikalainika na kutandaa upya. Enameli ya Plymouth ilitoka tanurini ikabaki kama ilivyotoka, pamoja na vijishimo vyake vya ganda la chungwa. Ukiipa Plymouth uso wa kioo, umeipa kitu ambacho mnunuzi wake wa kwanza hakukiona.

Njia rahisi ya kutambua aina ya rangi iliyopo ni kuchukua kitambaa cheupe chenye thina ya laka na kusugua mahali palipofichika, ukiwa umevaa glavu na hewa ikipita. Laka huyeyuka na kuacha rangi kwenye kitambaa papo hapo. Enameli isiyo na hadina, yaani kemikali ya kuigandisha rangi iwe ngumu, hulainika taratibu au kukunjamana. Rangi ya kisasa iliyochanganywa na hadina haitikisiki. Tahadhari ni kwamba enameli iliyookwa vizuri nayo inaweza kukaidi, kwa hiyo jibu la kitambaa lisikubaliwe peke yake bila kulinganishwa na mwaka na kiwanda cha gari.

Rangi ya asili itafutwe pale ambapo jua, polishi na mafundi wa baadaye hawakufika: nyuma ya nembo na mikanda ya kromu, chini ya raba ya kioo cha mbele, ndani ya milango nyuma ya paneli, chini ya zulia la buti. Usiliamini sana eneo la ndani ya buti, kwa sababu viwanda vingi havikupiga hapo mikono kamili, na rangi nyembamba huiacha prima, yaani rangi ya msingi ya chini, ichungulie na kuipotosha. Ukipata mahali pazuri, sugua mduara mdogo kwa msasa laini wa maji hadi ufike kwenye chuma, na matabaka yatajitokeza kama pete za mti uliokatwa. Ile iliyolala moja kwa moja juu ya prima ya kiwanda ndiyo unayoitafuta.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru mkuu kwa uzi huu. Kibati cha gari langu kinataja buluu, na kadi ya rangi ya mwaka huo inaonyesha buluu safi. Chini ya raba ya kioo, hata hivyo, nimekuta rangi inayoelekea kwenye kijani, na hakuna dalili kwamba kioo kiliwahi kutolewa. Je, nifuate kibati, kadi au gari lenyewe?

Mwanzisha uzi

Fuata gari, mkuu, lakini lihoji kwanza, kwa sababu gari nalo hudanganya.

Enameli za mafuta na alkidi zina tabia ya kugeuka njano zinapokaa gizani muda mrefu, na buluu iliyofunikwa na umanjano huonekana kuwa na ukijani. Maana yake ni kwamba sehemu uliyoisifu kwa kukingwa na jua ndiyo hiyo hiyo iliyoharibiwa na giza. Iache sehemu hiyo wazi kwenye mwanga wa mchana kwa siku kadhaa kabla ya kuilinganisha na chochote, kwani sehemu ya umanjano huo hupungua. Kisha isugue kidogo kwa polishi laini na uangalie tena. Ikiwa ukijani bado upo, tafuta mahali pengine pawili au patatu kwenye gari hilo hilo, kwa sababu sampuli moja haitoshi kumshinda kibati.

Kadi nazo zina mambo yake. Nyingi zilitolewa na kampuni za rangi kwa ajili ya mafundi wa kurekebisha magari, zikionyesha rangi ambayo kampuni hiyo iliichanganya ili ikaribiane na ya kiwandani. Kadi iliyokaa dirishani kwa miaka imepauka, na iliyokaa kwenye kabati inaweza kuwa imegeuka njano kama gari lako.

Kibati kinasema kile kilichokusudiwa, na lugha yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kwenye magari ya Mercedes-Benz ya zamani, herufi G au H iliyofuata namba ya rangi ilionyesha kama rangi ilitoka kampuni ya rangi ya Glasurit au ya Herberts. Kwenye magari ya Chrysler ya 1970, EV2 ni rangi moja yenye majina mawili, Hemi Orange kwa Dodge na Tor-Red kwa Plymouth, na FC7 nayo ni Plum Crazy kwa Dodge na In-Violet kwa Plymouth. Wapo watu wanaogombana kuhusu tofauti ya rangi hizo ilhali wanabishana kuhusu tangazo la biashara. Zaidi ya hapo, mchanganyiko mmoja na mwingine wa namba ile ile haukulingana kikamilifu, wala kiwanda kimoja na kingine cha kampuni ile ile. Corvette, gari la michezo la Chevrolet, zote 300 za 1953 zilipigwa rangi moja nyeupe iitwayo Polo White, kwa hiyo namba haina utata hata kidogo, na bado kazi ya kuupata weupe wenyewe inabaki pale pale.

Jambo la mwisho kwako ni vitia-rangi. Njano, machungwa na baadhi ya nyekundu za zamani zilitegemea kromati ya risasi, ambayo ina sumu na ambayo rangi nyingi za leo zimeiacha. Fundi anayechanganya kwa vitia-rangi vipya anaweza kupata ulinganifu kamili chini ya taa za karakana, kisha gari likitoka nje juani likaonekana limevaa milango ya gari jingine. Vitia-rangi viwili tofauti vinaweza kurudisha mwanga unaofanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Kifaa cha spektrofotomita, kinachopima rangi kwa mwanga unaorudi, husaidia sana kutoa mchanganyiko wa kuanzia, lakini husoma kile kilichopo mbele yake, pamoja na upaukaji na umanjano wake. Kwa hiyo pulizia kadi ya majaribio, iache ikauke kabisa kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu si moja, kisha itazame juani, kivulini na chini ya taa. Mimi sijawahi kukubali mchanganyiko kabla ya kadi ya tatu, na mara moja nilifika ya kumi na moja.

Mchangiaji wa pili

Naomba nichangie kama mtu anayeshika bunduki ya rangi kila siku. Yote yaliyosemwa hapo juu ni kweli kwa rangi zisizo na chembe. Kwenye metaliki, yaani rangi zenye chembe za alumini, mchanganyiko sahihi unaweza kutoa rangi tatu kwenye gari moja kulingana na mkono wa fundi. Ukipiga mkono uliolowa sana, chembe za alumini huzama na kulala ovyo, na rangi huwa nzito. Ukipiga kavu kwa presha kubwa, chembe hubaki juu zikiwa zimelala bapa, na rangi hupauka. Umbali wa bunduki, kasi ya thina na joto la siku hiyo vyote vinaingia. Ndiyo maana metaliki hupimwa kwa pembe kadhaa: itazame ukiwa umeielekea uso kwa uso, kisha inama uitazame kwa ubavu, kwa kuwa wakati mwingine inalingana kwa mbele na kukukimbia kwa ubavu. Ukubwa wa chembe nao ni tatizo, kwani chembe za zamani mara nyingi hazilingani na zinazouzwa sasa, na hakuna bunduki inayoweza kubadilisha ukubwa wake.

Ila mkuu mwanzisha uzi, hapa tutatofautiana. Sioni sababu ya mtu yeyote kurudi kwenye laka. Inasinyaa kwa miezi, inaonyesha kila mkwaruzo wa msasa uliobaki chini, na ikipigwa nene inapasuka kama udongo uliokaukiwa na maji. Rangi ya kisasa yenye hadina, ikipigwa moja kwa moja bila klia, ukaisugua na kuipiga polishi, itamdanganya mtu yeyote.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, fundi. Kuhusu metaliki sina la kupunguza, ila nitaongeza kwamba metaliki isiyo na klia haivumilii msasa baada ya mkono wa mwisho, kwa kuwa ukiikata chembe za juu unaacha mabaka. Anayezoea kusahihisha kila kosa kwa msasa na polishi atalipia hapo.

Kuhusu laka, nakubaliana nawe kwa magari mengi. Rangi yenye hadina isiyo na klia ndiyo ushauri wangu kwa gari lolote litakaloendeshwa, na hata kwa gari la enameli linaloingia kwenye maonyesho, kwa sababu ikipigwa kwa makini hutoa ule ung'avu uliotulia, unaotoka ndani ya rangi yenyewe. Nitakataa kwa gari la laka litakalopimwa kwa uhalisi. Laka iliyosuguliwa na kupigwa polishi ina ulaini fulani kwenye kona na mikunjo ya bodi ambao rangi yenye hadina, kwa unene na ugumu wake, hukaribia bila kuufikia. Wakaguzi wa National Corvette Restorers Society, chama kilichoanzishwa 1974, hutafuta gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, wala hawatoi alama kwa gari lililozidi pale.

Yapo pia masuala ya sheria na afya yanayoweza kukuamulia. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya 2004 kuhusu vimumunyisho vinavyovukiza, uliweka mipaka kwa rangi za kurekebishia magari, lakini ukaziruhusu nchi wanachama kutoa leseni za kiasi kidogo cha bidhaa zinazozidi mipaka hiyo kwa ajili ya magari ya kale yenye thamani ya kihistoria. Mlango upo, ingawa ni mwembamba. Kwa upande mwingine, asidhani mtu kwamba rangi ya hadina ni salama kwa kuwa ni ya kisasa. Hadina nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumsababishia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kichujio cha kawaida si kinga ya kutegemea. Panahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya banda. Laka nayo inashika moto kwa urahisi wa kutisha.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, ambayo watu wengi huiharibu kwa nia njema. Kiwanda hakikupiga gari lote kwa uangalifu ule ule. Mpiga rangi alikuwa na muda mfupi kwa kila bodi, na alielekeza bunduki yake pale ambapo macho ya mnunuzi yangetua. Kwenye vizingiti vya milango rangi ni nyembamba na kavu kidogo. Chini ya boneti kuna ukungu wa rangi uliopeperuka na kutua bila mpaka ulionyooka. Chini ya gari, rangi ya bodi huishia kwa kufifia juu ya prima. Kwenye Mustang za miaka ya 1960, prima ya chini ya gari ilitofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na mara nyingine ilikuwa kijivu kisicho na jina, kilichotokana na mabaki ya rangi yaliyomwagwa pamoja. Huwezi kukinunua kwa namba, wala hakina namba. Land Rover za mwanzo za 1948 zilipigwa kijani hafifu, na anayeifanya chesisi yake nyeusi inayong'aa kwa kudhani anaiheshimu, bila kwanza kutafuta rangi iliyokuwepo, anafuta ushahidi wa namna gari lile lilivyozaliwa.

Kwa hiyo piga picha kabla ya kubandua chochote. Pima kwa rula ukungu wa rangi ulifika wapi, andika ni upande gani rangi ilichuruzika, na chora mstari wa mahali rangi nyeusi ya nyuma ya grili ilipoishia. Mimi huchora kwenye karatasi ya ukubwa halisi, kwa sababu picha hupotosha vipimo. Wakati wa kupiga, tumia mpangilio ule ule wa kiwanda: ikiwa milango ilipigwa ikiwa imefungwa kwenye bodi, ipige ikiwa imefungwa, na ukungu utatua pale pale ulipotua mara ya kwanza bila wewe kuuigiza. Ganda la chungwa nalo halichorwi. Hutokana na presha, umbali na unene wa rangi, nawe utalipata kwa kujaribu kwenye boneti mbovu hadi lifanane na lile lililobaki kwenye sehemu ya gari ambayo haikuguswa. Bunduki za kisasa za presha ndogo husambaza rangi vizuri kuliko zile za zamani, hivyo mara nyingi utahitaji kuzirudisha nyuma kidogo ili zikosee kama zile zilivyokosea.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, gari langu lina rangi yake ya kwanza karibu kote, isipokuwa boneti na madigadi moja ambavyo vimechoka hadi prima inaonekana. Mafundi wawili wameniambia nibandue gari zima ili rangi ilingane. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Usibandue, ndugu yangu, angalau si kabla ya kupima. Tafuta kifaa cha kupimia unene wa rangi na upite nacho gari zima, ukiandika namba kila baada ya kiganja kimoja. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huzunguka mikroni 100 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo au pungufu kwa enameli. Paneli iliyorudiwa mara nyingi hupita 200, na penye puti namba hupanda hadi mamia mengi. Kumbuka tu kwamba kifaa cha sumaku hufanya kazi kwenye chuma, alumini huhitaji kifaa cha aina nyingine, na bodi ya faibaglasi huhitaji kile cha mawimbi ya sauti. Ramani hiyo itakuonyesha kama kweli unachokiita rangi ya kwanza ni ya kwanza.

Ikithibitika, anza kwa kuosha, kisha polishi isiyo kali kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, ukipima unene kabla na baada. Rangi zisizo na klia huacha rangi kwenye kitambaa unapozisugua, na hilo ni jambo la kawaida. Hatari ni kwenye kingo na mikunjo, ambako rangi ilikuwa nyembamba tangu siku ya kwanza. Hapo acha mashine kabisa utumie mkono. Mara nyingi utashangaa kiasi cha rangi kilicholala chini ya ule unga uliopauka.

Boneti na madigadi ndivyo vipigwe, na vipigwe ili vifanane na gari lilivyo leo. Changanya rangi kwa kulinganisha na mlango ulio jirani baada ya polishi, kwa kuwa namba ya kibati itakupa boneti changa kuliko gari lake. Tumia rangi isiyo na klia, ipige kwa ganda la chungwa lile lile, kisha izime kidogo kwa polishi hadi ung'avu wake ushuke ulingane na wa jirani. Acha kipande kidogo cha rangi ya zamani ya boneti, chini kwenye ukingo wa ndani, bila kukigusa. Atakayelifufua gari hilo baada yako atakihitaji.

Nikimaliza kadi zangu za wiki hii za kijivu cha metaliki nitaziweka hapa pamoja na vipimo vya presha na umbali wa kila moja. Fundi, nitaomba uzipitie, hasa ile ya nne, kwa sababu kwa ubavu inanikimbia.